Chini ya Sauti ya Kamla

Chai ya Jumapili ile ilikuwa na ladha ya chuma. Ritu aliimwaga, akasugua sufuria kwa majivu, akapika nyingine. Ikatoka vilevile, na juu yake utando mwekundu kama kutu.

"Usinywe, Bapuji," alimwambia baba mkwe wake. "Labda ni kutu ya mabomba ya maji ya kanjo."

Mzee Mohanlal alikinusa kikombe. Harufu ile aliijua. Miaka thelathini na minne iliyopita, nyuma ya duka lake hili la redio mjini Nakuru, kijana aliyeitwa Owuor alizoea kuchemsha nyuzi za gitaa lake kwenye sufuria. Nyuzi mpya zilikuwa adimu, na uzi uliochemshwa hurudiwa na sauti kwa wiki moja au mbili. Alipiga muziki wa roki. Watu waliokuja kununua betri walisimama mlangoni kumsikiliza, wakarudi nyumbani bila betri. Lakini nje ya Nakuru hakuna aliyewahi kumsikia, na Januari hii ya 2008, wiki ile ya fujo za uchaguzi ambapo barabara hazikupitika, Owuor alikufa kwa ugonjwa wa kifua chumbani mwake mtaani Bondeni.

Mohanlal alimaliza sala, akaiwasha rekoda yake ya zamani kama kila Jumapili asubuhi. Kanda ilikuwa moja tu: arusi ya dada yake, mwaka wa 1974, mkewe Kamla akiwaongoza wanawake kuimba. Kamla alikuwa ametangulia miaka sita sasa, na sauti yake haikubaki mahali pengine popote duniani.

Kamla akaimba. Na chini ya sauti yake, kwa mbali, kama mtu aliye chumba cha pili, gitaa likamjibu.

Ritu alisimama na kikombe mkononi. "Arusi hiyo ilikuwa na gitaa?"

"Haikuwa nalo."

"Basi ni nani huyo?"

"Ongea polepole," mzee alisema. "Anasikia."

Jumapili ya pili gitaa lilikuwa limesogea karibu. Ya tatu lilikuwa chumbani, na ile harufu ya nyuzi zinazochemka ikapanda kutoka jikoni ambako jiko halikuwa limewashwa, ikapita kwenye mapazia, ikakaa kwenye kiti kilicho kando ya rekoda, na kila lilipopanda gitaa sauti ya Kamla ilirudi nyuma hatua moja, ikawa nyembamba, ikawa kama mwanamke anayeita kutoka ng'ambo ya ziwa, hata mzee akainamisha sikio lake mpaka likagusa spika, naye akahisi pumzi ya mtu ikitoka humo, ya moto.

Ritu alimleta maalim kutoka Bondeni. Maalim alifukiza ubani, akasikiliza kanda mpaka mwisho, kisha akafunga kitabu chake bila kusoma.

"Mzee, mimi hufukuza aliyeingia. Huyu hakuingia. Wewe ndiye uliyemfungia humu."

Mohanlal aliinama. Ilikuwa kweli. Owuor na mpiga ngoma wake, Khaemba, walikuwa wamerekodi nyimbo zao kwenye kanda hii, katikati ya magunia ya stoo, ili waipeleke Nairobi kwa kampuni ya sahani za muziki. Wiki ya arusi, kanda tupu hazikupatikana mjini kote. Mohanlal akarekodi juu ya nyimbo zao. Owuor alipokuja kuichukua, Mohanlal alimwambia, bila hata kufikiri, "Khaemba aliichukua jana." Owuor alimwita mwenzake mwizi, naye akaitwa mwongo; wawili hao hawakupiga tena pamoja.

Khaemba aliitwa kutoka mtaa wa Free Area. Alikuja na bakora, mvi tupu, akakataa kiti.

"Mohan. Leo umemkumbuka mwizi."

"Kaa, ndugu yangu."

"Undugu umeanza lini? Nimebeba redio zako miaka minane, ulikuwa ukiniita boi. Sema unachotaka."

Mzee alikuwa amejiandaa usiku kucha. Lakini neno lilipofika kwenye ulimi liligeuka. "Ile kanda yenu," alisema. "Ilifutika kwa bahati mbaya. Sikujua kwamba ni yenu."

Stima ilikuwa imepotea tangu alfajiri, taa zote zimezimika. Hata hivyo magurudumu ya rekoda yakaanza kuzunguka, polepole. Sauti ya Kamla ikatoka, safi, karibu, ya msichana wa miaka ishirini, akisema kwa Kigujarati:

"Hii si ni ya wale vijana?"

Kisha sauti ya mwanamume, changa, yenye kicheko. Yake mwenyewe.

"Rekodi tu. Nani atawahi kuwauliza?"

Khaemba alikuwa amejifunza Kigujarati humo humo dukani, miaka ile minane. Hakuhitaji kutafsiriwa. Alimtazama Mohanlal kwa muda mrefu, bila hasira, na kwa mzee hilo lilikuwa zito kuliko hasira. Gitaa likaanza. Khaemba akakaa kwenye kiti kile, akaegemeza bakora, na vidole vyake vikaanza kupiga ngoma juu ya meza, mahali penyewe pa kuingia, kana kwamba walipiga jana.

Wimbo ulipoisha alipangusa macho. "Nimemwita Owuor mwongo mpaka kaburini," alisema. "Rudisha mwanzo."

Khaemba sasa huja kila Jumapili. Ritu humpa chai, naye huinywa na kutu yake. Kanda ina nyimbo tisa za Owuor, mwanzo hadi mwisho. Zile za arusi hazimo. Mohanlal amezitafuta pande zote mbili. Kamla amebakiziwa swali lile moja tu, na mzee hulisubiri wiki nzima ili aisikie sauti yake. Kamla akishauliza, lazima mzee asikilize na jibu lake mwenyewe.