Sahihi ya Nyapara

Siku waliyokutana, duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa limejaa watu hadi mlangoni. Kila mtu alikuwa na haraka, kila mtu alikuwa na fundi anayemsubiri mahali, na foleni haikusogea kwa sababu ya binti mmoja aliyesimama kaunta na kipande cha nondo mkononi. Alivaa ovaroli ya bluu iliyopauka magotini kwa kufuliwa, kitambaa cheupe kichwani, na buti zenye vumbi. Alikuwa akimweleza muuzaji, kwa sauti isiyopanda wala kushuka, kwamba nondo ile si ya milimita kumi na mbili kama ilivyoandikwa.

Kijana aliyekuwa nyuma yake, mrefu, shati limechomekwa vizuri na penseli imebanwa sikioni, akashindwa kuvumilia.

"Dada yangu, sisi wengine tutazeekea hapa."

Binti hakugeuka haraka. Alipogeuka alimpa kile kipande cha chuma. "Shika. Wewe unasema ngapi?"

Kijana alikuwa mwashi kwa miaka tisa. Alikizungusha kati ya vidole, akakipima uzito.

"Kumi," akasema.

"Haya, mwambie mwenye duka. Mimi hanisikii."

Akamwambia. Foleni nzima ikaanza kukagua nondo zake, na muuzaji akaingia stoo mwenyewe bila kutumwa. Walipotoka nje kijana akasema kwamba kazini kwao wanatafuta fundi wa nondo, akaomba namba ya simu. Ni kweli walikuwa wanatafuta, ila siyo hiyo iliyomfanya aombe namba, na binti alilijua hilo kabla hajamaliza kuitaja. Tangu siku ile yule kijana hakumwita kwa jina lake tena. Alimwita Kumi na Mbili.

Mwezi haukuisha binti akawa kwenye jengo lile lile, kiongozi wa mafundi wanne wa nondo, na yule kijana akiwa nyapara wa majaribio. Nyapara aliyetangulia alikuwa akiendesha kazi kwa matusi. Mafundi walimwogopa, na kwa kumwogopa wakawa wanamficha makosa. Ukuta mmoja ulibomolewa mara mbili kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba kamba yake imepinda. Kampuni ikachoka. Wakaamua kuwachukua mafundi wenyewe na kuwafundisha kuongoza wenzao. Kwa miezi mitatu kila mmoja akabidhiwe jengo, meneja amtazame, na kila Jumamosi asubuhi akae darasani mbele ya mhandisi mstaafu, mama mmoja mwenye sauti ndogo ambaye hakuna aliyewahi kusinzia kwake.

Jumamosi jioni simu ya binti ilikuwa haikosi kulia.

"Leo tumefundishwa kusikiliza," kijana alisema safari moja.

"Kumbe mlikuwa hamjui?"

"Usicheke, sikia nikusomee. Fundi yeyote, hata aliyeajiriwa jana, akiona hatari ana haki ya kusema kazi isimame. Kiongozi asimamishe kwanza, ndipo aulize. Tujaribu. Wewe fundi, mimi nyapara."

"Nyapara, simamisha kazi."

"Kuna nini?"

"Umeshakosea. Umeuliza kabla hujasimamisha."

Akacheka mpaka akakohoa. "Mpenzi, wewe utanifelisha."

"Bora nikufelishe mimi kwenye simu."

Mama wa binti alikuwa chumba cha pili akikunja nguo, na alisikia yote kama wasikiavyo akina mama. Hakuwa na neno baya juu ya kijana. Anaamkia vizuri, anakuja kwa mlango wa mbele, na habari zake zimeulizwa zikajibiwa. Alimwambia binti yake jambo moja tu: mwanaume wa kuishi naye usimtazame akiwa na wewe, mtazame akiwa mbele ya mkubwa wake. Binti alisema amesikia. Wakapanga siku. Baba mdogo wa kijana na shangazi yake wangekuja kuposa Jumapili, siku mbili baada ya kumwagwa kwa zege la ghorofa ya tatu.

Zege hilo ndilo lililokuwa mtihani wa kijana. Meneja alishasema wazi kwamba likienda salama, unyapara ni wake moja kwa moja.

Alhamisi alasiri binti alimaliza kazi kwenye roshani. Roshani ile ilichomoza nje ya jengo bila nguzo chini yake, na roshani ya namna hiyo nondo zake hukaa juu, karibu na uso wa zege, kwa sababu uzito ukiivuta chini, ni uso wa juu unaotaka kupasuka. Zikilala chini ni kama hazipo. Siku mirunda inayoishikilia itakapoondolewa, itakatika na kwenda na aliyesimama. Binti alizisimamisha kwenye vigoda vya chuma alivyovipinda mwenyewe, akapima kila mahali, akaridhika.

Simu ikalia. Kijana alikuwa chini na meneja wakihesabu mirunda.

"Umeshamaliza, mpenzi?"

"Nimemaliza. Panda uone."

"Wewe ndiye wa kukaguliwa? Kazi yako naijua."

Akaiweka karatasi ya ukaguzi juu ya goti, akatia sahihi. Binti alimwona kutoka juu, amechuchumaa, kalamu imerudi mfukoni kabla wino haujakauka. Alifurahi, asiseme uongo. Lakini kulikuwa na kitu kilichomkwaruza rohoni, kwa kuwa kwa miaka yote aliyofanya kazi hii hakuna aliyewahi kupitisha kazi yake bila kuiona, na yeye hakutaka kupitishwa hivyo. Akasema moyoni kwamba kesho watapanda pamoja asubuhi na mapema. Akashuka, akaenda zake. Baada yake wakapanda mafundi umeme kulaza mabomba yao.

Ijumaa usafiri ulimchelewesha, akafika pampu ikiwa tayari imeanza. Lori la kwanza lilikuwa linamimina, bomba limepanda hadi ghorofa ya tatu kama shingo ya mnyama, na zege linatapikwa upande wa mbali wa sakafu. Meneja alisimama huko na kofia yake nyeupe, kijana pembeni yake, filimbi shingoni. Binti alienda moja kwa moja kwenye roshani. Akasimama. Mafundi umeme walikuwa wametembea juu ya nondo zake jana jioni yote. Vigoda vilikuwa vimepinda kama miguu ya buibui aliyekanyagwa, na nondo zote, kuanzia ukutani hadi ukingoni, zilikuwa zimelala juu ya mbao.

Alivuka sakafu akirukaruka kati ya vyuma. Akamvuta kijana kando.

"Nondo za roshani zimekanyagwa. Zimelala. Simamisha."

"Zimelala kiasi gani?"

"Zote."

Kijana alitazama kofia nyeupe, akatazama zege. "Bado mbali. Ziinueni kidogo kidogo tunavyokuja."

"Vigoda vimevunjika, hazitakaa. Simamisha, nyapara."

Akainama karibu na sikio lake, na harufu ya sabuni yake ikamfikia binti pamoja na maneno. "Mpenzi, ile karatasi ina sahihi yangu. Nikisimamisha sasa hivi ataniuliza nilikagua nini."

"Na watu watakaosimama pale?"

Meneja alikuwa ameshafika. Aliuliza kuna nini. Mafundi waliokuwa na makoleo wakaacha kusukuma zege wakatega masikio, na kijana akanyoosha mgongo, akasema kwa sauti ambayo binti hakuwahi kuisikia kwenye simu:

"Hakuna kitu, mkuu. Fundi kazi imemshinda, anatafuta pa kujificha."

Mmoja wa wenye makoleo akasema mapenzi ya saiti ni kama zege, yanaganda kabla ya saa sita. Wenzake wakacheka.

Binti hakulia. Alimtazama kijana machoni. Kisha akasema taratibu, yeye peke yake asikie: "Jumapili wazee wako wasije."

Akarudi kwenye roshani. Aliwaita wenzake wanne, akawaambia hali ilivyo na kwamba anayetaka kushuka ashuke, hatamlaumu. Hakuna aliyeshuka. Wakapiga magoti, wakaanza kupinda vigoda vipya kwa mikono, kuinua, kufunga waya, kuinua. Jua lilikuwa limeshapanda na chuma kilichoma hata kupitia glovu. Hatua ishirini nyuma yao zege lilikuwa linakuja, zito, la kijivu, likisukumwa na watu ambao sasa hawakucheka. Baadaye zikawa hatua kumi na tano. Binti alikuwa akisali bila kufunga macho. Hakuomba makubwa, aliomba mikono yake isitetemeke. Alikuwa ameshaamua. Zege likifika kabla hajamaliza, ataketi juu ya nondo zile, na atakayetaka ammwagie.

Hatua kumi. Waya ukamkatikia mkononi. Mmoja wa wenzake akasema, "Dada, hatuwahi." Akamwambia aendelee tu.

Ndipo ikalia filimbi.

Pampu ikanyamaza. Ilikuwa imenguruma tangu asubuhi, na iliponyamaza watu walijikuta wakisikia vitu vya ajabu, redio ya jirani, mtu akifagia barabarani. Kijana alikuwa katikati ya sakafu, ameinua mkono.

Meneja hakupiga kelele. Aliuliza kama anajua kwamba malori mawili yako njiani na zege linagandia ndani. Kijana akasema anajua.

"Na karatasi hii sahihi yake ni ya nani?"

"Yangu. Niliiweka bila kupanda kuona. Fundi aliniambia nipande, mimi sikupanda." Alikohoa, akageuka ili wenye makoleo nao wasikie. "Na nilichosema juu yake mbele yenu ni uongo. Kazi haikumshinda. Nilisema kwa woga."

Kijana akavua filimbi, akaiweka mkononi mwa meneja, akaja kwenye roshani, akapiga magoti kwenye ukingo na kuanza kufunga waya. Alikuwa mwashi, hakujua kufunga. Binti alimfuata nyuma na koleo lake la kukatia waya, akakata fundo la kwanza, la pili, la tatu.

"Hilo legevu."

"Sawa."

"Na hilo."

Walisema hayo tu. Dakika arobaini zikapita. Lori moja likarudishwa na zege lake. Meneja alipanda mwenyewe na futi yake, akapima kila kigoda, akapima tena, kisha akaashiria pampu iendelee. Saa saba sakafu ilikuwa imekwisha, laini kama meza. Saa nane kijana aliambiwa kwamba Jumatatu atarudi kwenye mwiko wake, na nyapara mwingine ataletwa.

Jumamosi simu ililia mara sita. Binti aliigeuza kifudifudi. Alasiri hodi ikapigwa, na mama ndiye aliyefungua. Kijana alikuwa na shati lile lile la siku ya dukani, lakini halikuchomekwa. Akaamkia, mama akaitikia marahaba, akamwonyesha kiti, kisha akakumbuka kwamba ana nguo za kuanua nyuma ya nyumba. Alipita, akauacha mlango wazi kwa heshima.

Binti alikaa upande wa pili wa meza, gauni la kijani, nywele zimesukwa upya, vidole vimekwaruzwa na waya. Hakumsaidia kuanza.

Kijana alieleza. Asubuhi amekwenda darasani, kumaliza alichoanza, ingawa cheo hakipo. Mwalimu aliwataka wasimulie wiki yao, naye akasimulia yote, hata lile neno la mbele ya watu. Mwalimu hakumsifu wala hakumkemea. Aliuliza tu zilipita dakika ngapi tangu aambiwe asimamishe hadi aliposimamisha. Akajibu ishirini na tano. Mwalimu akaandika ubaoni, ishirini na tano, akaendelea na somo, na tarakimu zile zikabaki pale mpaka wakatoka.

"Nilizitazama saa mbili nzima," alisema. "Sikuja kujitetea. Nimekuja kukuambia kwa mdomo wangu kwamba nimekukosea, na mama naye nitamwambia."

Binti aliyasikia yote. Alikuwa na swali moja lililomnyima usingizi, na alijua kwamba jibu lake ndilo litakaloamua kila kitu. Pia alijua jibu ambalo wanaume wengi wangelitoa.

"Filimbi uliipiga kwa ajili yangu, au kwa ajili ya roshani?"

Kijana alitazama mezani. Ilionekana wazi kwamba jibu tamu lilikuwa limeshamfika ulimini, na kwamba analimeza.

"Roshani," akasema. "Wewe wakati ule nilikuwa nimekukasirikia. Umeniambia wazee wasije, nikaona umenimaliza. Lakini niliwaona watu wamesimama pale juu, sijui watu gani, wapangaji, mtu na mwanawe. Nikashindwa."

Nje, kamba ya nguo ililia mama alipoivuta. Binti alikiangalia kichwa kile kilichoinama. Kijana angesema amefanya kwa ajili yake, angemfungulia mlango aende, maana kuna siku yeye binti hatakuwepo juu ya roshani, na mtu wa kupendeza wapenzi tu angeliacha zege lipite.

"Waambie wazee wako waje," akasema.

Kijana akainua uso. "Kesho?"

"Jumapili ijayo. Hii ya kesho, mimi bado nimekukasirikia."

"Na siku sita hizi nifanye nini?"

"Njoo kazini," binti akasema, akasimama kwenda kumsaidia mama yake nguo. "Jumatatu ngazi za ghorofa ya nne zinaanza. Nyapara mpya simjui, nataka nikuone ukiwa mbele yake, na mimi naanza kazi saa moja."