Mgomba Uliozikwa Buleusa

Asubuhi moja ya mwaka 1953, Damien alikuwa akifunga vidonda katika dispanseri ya Buleusa, kama kila Jumatatu, jirani alipokuja mbio: dada yake Agathe ananyweshwa mwavi.

Benoît, shemeji yake Agathe, alimsingizia kuwa amemloga mumewe akafa. Mwavi ni maji ya gome la sumu. Ukitapika, huna kosa. Ukifa, wewe mchawi. Na jana tu wote walikuwa Misani! Damien alikwapua kopo la makaa ya dawa, ule unga mweusi unaonasa sumu tumboni, akatoka mbio huku akimlaani Benoît na wazee wa kijiji.

Alimkuta ameshakunywa, miguu inamlegea. Akakoroga unga kwa maji.

"Kunywa, dada. Kunywa yote, mbio."

Agathe akanywa. Wazee wakangoja. Jua likapanda, likashuka. Hakutapika. Hakufa. Sumu ilikuwa imenaswa mle mle ndani.

"Hakutapika, hakukufa," Benoît akanong'ona. "Agathe alishakufa. Hii njo kitu ingine."

Kwao, maiti isipoonekana huzikwa mgomba badala yake. Kesho yake wakafunga mgomba ndani ya mkeka, wakaulilia, wakauzika. Tangu hapo walimpita Agathe kana kwamba hayupo. Watoto wake wawili wakachukuliwa, wakakatazwa kumwita mama, na hilo ndilo lililomchoma Damien kuliko yote.

Siku ya tatu, mchana kweupe, alimpeleka dada yake kaburini, jembe begani, akawaita wote.

"Mutaona mugomba yenu! Kisha mutamurudishia batoto yake, bajinga nyinyi!"

Akachimba kwa hasira. Mkeka ukatokea, kamba bado zimekazwa. Akazikata, akaufunua.

Mgomba ulikuwemo.

"Muone!" akafoka.

Wote walikuwa wakitazama upande wa ndani wa mkeka. Ulikuwa umekwanguliwa. Mikwaruzo mirefu, toka juu hadi chini. Na katikati ya matete ya mkeka ulinasa ukucha. Ukucha wa mtu, na nyama yake.

"Damien," Benoît akanong'ona, "Agathe alikuwa humu ndani. Ule mwenye iko nyuma yako njo nani?"

Damien akaruka kutoka shimoni, akaikamata mikono ya dada yake. Alizihesabu kucha kwa sauti kubwa, moja moja, ili kila mtu asikie. Zilikuwa kumi, nzima.

Alipoinua uso, walikuwa wameshakimbia na watoto.