Kona ya Tisa

Haya yalimkuta jirani yetu wa Magomeni, Othman. Alikuwa Guangzhou, China, kibiashara kama kawaida yake. Alishapakia kontena la vipuri bandarini Huangpu, akabakiwa na siku moja kabla ya safari. Asubuhi hiyo akapigiwa simu na Albertine, mjane wa Kikongo. Mama huyo alikuwa na gari analouza kwenye uwanja wa zamani wa mbio za magari, nje ya mji.

Uwanja ule Othman aliujua vizuri. Ulichongwa ubavuni mwa kilima, lami yake nyembamba, kona nane za kuchezea na ya tisa ya kuua: unaipanda bila kuona mbele, halafu inajikunja ghafla. Madereva waliiheshimu kama mama mkwe. Miaka saba nyuma Othman alikuwa fundi pale, na Ghislain, mume wa Albertine, dereva. Othman alikitamani kile kiti cha dereva. Siku ya mashindano akalegeza nati ya mrija wa breki, robo mzunguko tu. Ghislain akafia kona ya tisa. Othman ndiye aliyetangulia kubeba jeneza.

Sasa majani yalikuwa yameota kwenye nyufa za lami. Jua la saa sita liliwaka. Albertine akampa funguo.

"Zunguka mara moja, Papa Othman," akasema kwa sauti ya chini. "Ghislain alikuwa anasema, weye ndiye fundi wa kuamini."

Othman akajaribu breki mara tatu. Zilishika. Akaondoka.

Kona ya kwanza, salama. Ya tano, akasikia mtu anapumua. Akatazama kiti cha nyuma. Hakuna mtu. Ya saba, pumzi ikashuka chini, miguuni pake.

Ya tisa, akakanyaga breki.

Mguu haukushuka. Kitu kilikuwa kimemshika kifundo. Cha baridi. Kinauinua.

"Robo tu," sauti ikanong'ona. "Ulizungusha robo tu."

Gari likapaa.

Watu waliosikia kishindo walimchomoa kwenye matairi ya ukingoni akiwa hai, anakiri yote kabla hajaulizwa. Albertine alimsikiliza hadi mwisho. Hakulia.

"Nilijua," akasema, akaenda zake, wala polisi hakupita.

Fundi mwingine alikagua breki za gari lile. Hazikuwa na kasoro.

Othman amesharudi Magomeni. Mguu wa kulia umekufa, ingawa daktari hakuona hata mfupa mmoja uliovunjika. Na kila anapotawadha, maji ya mguu ule hutiririka meusi, yananuka mafuta ya breki.