Picha ya Nguzo Kwenye Meza ya Mahojiano

Mwenyekiti wa jopo alisukuma picha juu ya meza, ikateleza mpaka mbele yangu.

"Nguzo hii unaijua?"

Nikaitazama.

Ilikuwa nguzo ya kona, ya chini kabisa, kwenye jengo ninalolisimamia. Zege limejaa matundu, nondo zinachungulia nje kama mbavu. Na pembeni ya picha, ncha ya buti langu la njano.

Ndugu zangu, picha ile niliipiga mimi, kwa simu yangu. Na nilikuwa nimemwonyesha mtu mmoja tu... bosi wangu. Mdhamini wangu. Aliyenileta pale kwa gari lake, na saa ile alikuwa amekaa kwenye korido akinisubiri.

Nikasema moyoni, mzee ameniuza.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo.

Miaka sita nilikuwa naitwa mhandisi kwa mdomo tu. Ili uwe mhandisi uliyesajiliwa, unayesaini jengo likasimama kwa jina lako, lazima upite mbele ya jopo. Unapeleka ripoti ya kazi zako, halafu watu watatu wanakukaanga kwa maswali saa nzima. Na lazima mhandisi mkubwa akudhamini kwa saini yake.

Nilijiandaa miezi mitano. Mama yangu, karani mstaafu, ndiye alikuwa jopo la nyumbani. Anavaa miwani, anashika simu yangu yenye maswali, ananihoji sebuleni huku mimi nakunja nguo.

"Uzito wa paa unafikaje ardhini?"

"Slabu, boriti, nguzo, msingi."

"Umejibu kama unakimbizwa. Rudia."

Basi, wiki tatu kabla ya mahojiano, mafundi walibandua mbao za ile nguzo, nikaona matundu. Zege halikushindiliwa. Nikapiga picha, nikamkimbilia bosi.

Akaiangalia, akanirudishia simu.

"Ziba na plasta."

"Bosi, hii si ya plasta. Juu yake tunaongeza sakafu mbili."

"Mwanangu, nisikilize. Ukiripoti leo, kazi inasimama, wakaguzi wanajaa hapa. Udhamini wako nitausaini saa ngapi? Pita mahojiano kwanza. Tutaishughulikia baadaye, kimya kimya."

Nikanyamaza.

Naandika hapa bila kujitetea. Nguzo ikapigwa plasta, ikapakwa rangi, ikapendeza. Jioni nakariri maadili ya kazi, asubuhi napita pembeni ya nguzo ile nikiangalia upande mwingine.

Sasa picha iko mezani.

"Tunasubiri," mwenyekiti akasema. Mama wa makamo, mpole... ule upole unaotisha.

Nikapiga hesabu haraka. Nikisema ilirekebishwa, bosi ataniunga mkono. Na nani atakwenda kubandua plasta?

Nikairudisha picha katikati ya meza.

"Naijua. Picha nilipiga mimi."

"Ilirekebishwa?"

"Hapana. Ilifichwa."

Mjumbe wa kushoto akaacha kuandika.

"Lini?"

"Wiki tatu zilizopita."

"Na ujenzi wa juu umeendelea?"

"Sakafu moja imeshamwagwa zege. Ya pili inasukwa nondo."

Mwenyekiti akavua miwani.

"Sasa hivi, tunavyoongea hapa, chini yake kuna watu?"

Wiki tatu nzima nilikuwa nawaza saini, ripoti, suti ya kuvaa. Swali hilo sikuwahi kujiuliza.

"Mafundi wa marumaru," nikasema. "Tisa."

"Piga simu. Tusikie wote."

Simu ikaita mara tatu, fomeni, msimamizi wa mafundi, akapokea.

"Fomeni, toa watu wote, wa chini na wa juu. Upande wa nguzo ya kona."

"Kuna nini, dada?"

"Toa kwanza, nitakueleza."

Nyuma yake mashine ya kukata marumaru ilikuwa inalia.

"Afadhali umesema wewe. Plasta ya pale imepasuka tangu juzi. Nilimwambia bosi, akasema ni rangi tu."

Hatukukata simu. Tulikaa watu wanne tukimsikiliza fomeni anavyoita na kuhesabu, mpaka aliposema, "Huyo ni wa tisa. Na wale sita wa juu wameshuka."

Mwenyekiti akafunga faili langu.

"Hatutakusajili leo."

"Naelewa."

"Sidhani kama unaelewa. Umesema kweli, na tutaiandika. Lakini umeisema baada ya kuulizwa. Rudi baada ya mwaka."

Nikatoka. Bosi akasimama, anatabasamu.

"Vipi, tumepita?"

"Kwa nini uliwapelekea ile picha?"

Tabasamu likaganda. "Picha gani?"

Mdomo unaweza kudanganya, lakini rangi ya uso haina mazoea hayo. Mzee wa watu alishika ukuta.

"Mwanangu... umewaambia nini?"

Hakuwa yeye. Nikamwacha pale, nikaenda nyumbani.

Mama alikuwa amekaa sebuleni, mikono mapajani, redio imezimwa.

"Nimefeli, Mama."

"Najua."

"Umejuaje?"

"Picha niliipeleka mimi."

Wasomaji wangu, nilikaa chini bila kuangalia kama kuna kiti.

"Juzi, tukiwa kwenye maswali, niliiona kwenye simu yako. Na meseji za bosi wako za kukuhimiza uizibe nikazisoma. Jana asubuhi nikaenda kuichapisha, nikaiacha mapokezi ya ofisi ya jopo. Nyuma nikaandika jina lako na neno moja tu. Muulizeni."

"Mama, mimi ni mwanao. Si ungeniambia mimi?"

"Ningekwambia, ungemwendea yeye. Naye angekwambia subiri. Na wewe ungesubiri."

Nikavua koti la suti, nikalikunja mapajani.

"Baba yako unajua alivyokufa," akaendelea.

"Aliangukiwa na ukuta kazini."

"Hilo ndilo nililokwambia. Sikukwambia kwamba mhandisi wao alikuja msibani. Akalia kweli kweli, akanishika mikono. Akasema, 'Shemeji, ule ukuta niliuona umeinama.'"

Akafuta miwani kwa upindo wa gauni.

"Sikukulea peke yangu miaka ishirini na mitatu ili uje unifanane na yule mtu."

Siku kumi na moja sikuongea naye. Sikuwa tayari kumshukuru, naona aibu hata kusema.

Siku ya kumi na mbili wakaguzi walibandua plasta mbele yetu. Mmoja akaingiza kidole kwenye tundu la zege, kikazama mpaka kiungo cha pili. Fomeni alinitazama, akatazama juu. Jioni ile nilimpikia mama, tukala pamoja.

Bosi alifutwa kwenye orodha ya wahandisi. Mimi nilisimamishwa kazi miezi minne. Nguzo ikavunjwa na kujengwa upya, na jengo linatumika.

Mwaka ulipoisha nilirudi mbele ya jopo kwa udhamini wa mhandisi mwingine, mwenyekiti yuleyule. Kabla hajafungua faili nikasema, "Naomba nianze na kosa langu."

Nilipita.

Wewe unayesoma hapa, kama kazini kwako kuna kitu umekiona kimekaa vibaya na ukakipaka rangi, usingoje mtu akuulize. Kuna watu chini yake. Kiseme leo.