Mstari Uliorukwa

Mvua ya vuli iliwasukuma watu wa soko la Ngamiani chini ya baraza moja, na Saleha akajikuta ameegemea meza ya mpiga taipu. Buibui lake lilikuwa limelowa, viatu vyake vyeupe vimejaa tope, na kifuani alikumbatia bati la biskuti.

"Bibie, unaidondoshea mashine maji," alisema Uweso, kijana wa kanzu iliyonyooshwa pasi, vidole vyeusi kwa wino.

"Isogeze. Mimi nimebeba watoto mia mbili."

Akafungua bati. Ndani mlikuwa na daftari la bibi yake, marehemu Mwamvua mkunga, aliyemwandika kwa herufi za Kiarabu kila mtoto aliyempokea. Mchwa walikwisha kuonja pembe zake. Na wanafunzi wa Saleha, katika shule ya wasichana kule Raskazone, walijua herufi za Kizungu tu.

"Nikifa mimi, nani atalisoma?"

"Usife kabla hatujamaliza," Uweso akajibu, akitia karatasi mashineni.

Kila alasiri Saleha alisoma, Uweso akapiga.

"Polepole, laazizi. Mashine hii haina ulimi kama wako."

"Nani laazizi?"

"Naiambia mashine."

Alasiri moja Saleha alisoma: "Mwezi wa Mfunguo Nne, Jumatano, alfajiri. Bi Mwanahawa wa Mwera. Mtoto wa kiume, mzima. Baba hakutajwa." Vidole vya Uweso vilisita, kisha vikangoja mstari uliofuata.

Usiku ule Saleha alilinganisha kurasa zilizopigwa na daftari. Mtoto yule hakuwamo. Kesho yake alisimama mbele ya meza, hakuketi.

"Umemruka mtu."

"Mmoja tu, Saleha."

"Mmoja si mtu? Nilikuazima macho yangu, nawe ukachagua nani awe amezaliwa."

Akachukua bati, akaenda zake. Uweso hakumfuata.

Siku nne chaki zilimkatikia Saleha mkononi. Siku nne Uweso alihamisha meza yake huku na huko barazani, na barua za watu zikatoka na makosa. Siku ya tano mwalimu mkuu, Bi Benedikta, alimpa Saleha simu. "Mzazi anakuulizia."

Saleha aliitambua pumzi ile. Bi Benedikta hakuondoka.

"Ndiyo, mzazi. Ni kuhusu mtoto yupi?"

"Yule wa Mfunguo Nne. Ni mimi."

Saleha akauzungusha waya wa simu kidoleni.

"Mama aliniambia kabla hajafa," sauti iliendelea. "Mzee Mwinyijuma alimwoa nikiwa natambaa, akanipa jina lake. Niliogopa ukijua utaniacha."

"Mtoto huyo hana kosa, mzazi," alisema Saleha kwa sauti ya darasani. "Nitakuja kumwona leo."

Alasiri aliliweka bati mezani, akaketi, akausoma mstari ule tena, neno kwa neno. Uweso aliupiga wote. Akaichomoa karatasi, akaitenga na nakala yake ya kaboni.

"Hii nampelekea baba yako. Aisome kwanza, ndipo wazee wangu waje kuposa."

"Akikataa?"

"Atakuwa amemkataa mtu anayemjua."

Saleha akaikunja nakala ya pili, akaitia batini. "Hii inabaki humu. Wanetu watauliza."

Uweso alivaa kofia, akaivua, akaivaa tena.

"Nenda," Saleha akamwambia, "kabla sijafuatana nawe."