Sisaini Mpaka Wakili Asome

"Sisaini," Tepu alisema, akairudisha kalamu mezani.

Mchumba wake, fundi wa kuchomelea ambaye watu walimwita Chuma, alicheka kicheko cha kuficha aibu. Ng'ambo ya meza alikaa dalali, mtu wa kwao, ambaye wageni wote wa mji ule walimwita Mjomba. Mkataba wa nyumba ulikuwa kurasa kumi na nne za lugha ya wenyeji. Wachumba hawa waliijua lugha hiyo kiasi cha kuombea kazi na kununulia mboga tu. Mjomba ndiye aliyewasomea, kwa Kiswahili kitamu, akiruka kurasa kama anaruka madimbwi.

"Nampelekea wakili asome kwanza."

"Wakili wa nini, binti yangu? Hao wakikuona mgeni watakukamua. Mimi ni damu yenu."

"Basi nipe nakala, Mjomba."

"Nakala haitoki ofisini."

Hapo Tepu akapata uhakika kwamba kuna kinachofichwa. Alikuwa fundi wa magauni ya harusi, mwenye tepu shingoni asubuhi hadi jioni, na hajawahi kukata kitambaa kwa vipimo vya kuambiwa, hata aambiwe na mama mzazi wa bibi harusi. Nyumba ile waliyotaka kuinunua ingemeza akiba yao yote, jasho la miaka sita ugenini. Akatoa simu, akapiga picha ukurasa mmoja mmoja, Mjomba akimtazama bila kupepesa.

Nje, Chuma alimgeukia.

"Ukienda kwa wakili umesema mimi sina akili. Mwanamke asiyeniamini simuoi."

"Basi usinioe. Lakini sisaini."

Aliyasema kwa sauti kavu. Kisha akarudi kazini, akapiga pasi gauni la bibi harusi wa watu huku machozi yakimtoka. Alimpenda yule mwanaume, na hilo ndilo lililomuuma.

Jioni ujumbe uliingia: "Mjomba ana mteja mwingine. Kesho saa nne nasaini peke yangu."

Akajibu: "Saa nne nitakuwepo."

Asubuhi na mapema alikuwa kwa wakili, mama mtu mzima asiyejuana na dalali wala mwenye nyumba. Mama yule alisoma kurasa zote, hakuruka hata moja. Alipomaliza aliongea polepole ili mgeni wake amwelewe.

"Nani amekwambia unanunua?"

"Dalali wetu."

"Humu hakuna kununua. Mnapanga kwa miaka tisa, na kodi yote mnalipa siku ya kusaini. Miaka hiyo ikiisha mnatoka na mabegi yenu."

Saa nne kasoro Tepu na wakili walisukuma mlango wa Mjomba pamoja. Chuma alikuwa ameshashika kalamu.

"Kabla hujasaini," Tepu alimwambia, "mwombe Mjomba aweke kidole pale palipoandikwa nyumba inauzwa. Kidole tu."

Mjomba alifungua kurasa, akazirudisha. Akatafuta miwani kwenye mifuko yote, na miwani ilikuwa kwenye paji la uso wake.

"Kukaa miaka tisa si kama nyumba ni yenu tu?" akasema mwishowe. "Nani atawatoa?"

Tepu akamtafsiria wakili, naye akataja ukurasa na mstari unaosema nani atawatoa, na lini. Chuma aliweka kalamu chini, akatoka bila kuaga.

Tepu alimkuta kwenye ngazi, ameshika kichwa.

"Nisamehe. Nilimwamini kwa sababu anaongea kama baba yangu."

"Na mimi naongea kama nani?"

Chuma akainua kichwa, akauliza kwa woga kama harusi ingalipo.

"Ipo, kama utaoa mwanamke anayesoma kabla ya kusaini. Mimi sibadiliki, Chuma. Hata cheti chetu cha ndoa nitakisoma mpaka mhuri."

"Soma. Nitakushikia taa."

Tepu alijizuia kucheka, akashindwa. Akaivua tepu shingoni.

"Simama wima. Suti yako nilitaka kuikata kwa vipimo ulivyonitumia kwenye simu."

"Si nilikutumia vilivyo sahihi?"

"Inawezekana," alisema, akimzungushia tepu kifuani palepale kwenye ngazi, watu wakipita. "Leo napima mwenyewe."