Mtu Anayekohoa

Kisigino cha kiatu chake kilinasa kwenye waya, na yeye na boksi lake la makopo wakaenda chini mbele ya mlango wa ukumbi, watu wakimpita huku na huku. Hakuumia. Alikaa tu pale kwenye zulia, gauni la kijani alilolazimishwa kulivaa limempanda magotini, akiwaza kwamba akitulia hapo muda wa kutosha huenda mkutano ukaisha bila yeye. Makopo yalikuwa yanabingirika kuelekea kwenye ngazi.

"Samahani sana," sauti ilisema kutoka chini vilevile. "Huo waya ni wangu. Nilikuwa naja kuubandika, umeniwahi."

Alikuwa kijana aliyepiga magoti, solotepu nyeusi mkononi, fulana imepauka mabegani, kalamu sikioni. Aliyafuata makopo moja moja mpaka kwenye ngazi, akayarudisha ndani ya boksi, halafu akauliza kama anaweza kumnunulia chai ya kumwomba radhi.

"Mwaka huu nimeshaalikwa chai na watu kumi na wanne," msichana huyo alimjibu. "Wote walikuwa na kopo kwenye mkoba."

Kijana akasimama, akaipindua mifuko ya suruali yake mbele ya watu wote. Zilitoka betri mbili, bisibisi na karatasi ya pipi. Alieleza kwamba yeye ni fundi sauti tu, wanamkodi na spika zake, na huo unga wa kwenye makopo hajawahi hata kuuonja.

"Una ladha ya chaki," alimwambia, na akajikuta anacheka. Ilikuwa miezi mingi hajacheka ndani ya gauni lile.

Gauni alinunuliwa na dada yake, na kwa dada yake hakuwa na ubavu wa kukataa. Ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Ndiye pia aliyekuwa muuguzi wa wodi ya kifua kwa miaka kumi na tisa, muuguzi wa kusimama mlangoni, akatega sikio, akakwambia kikohozi kipi kinapona na kipi hakiponi. Kisha mgonjwa wake wa zamani akamwalika chai. Miezi miwili baadaye aliomba likizo ya mwaka mzima bila malipo, akaitundika sare yake nyuma ya mlango, na sebule ikajaa maboksi ya unga wa kijani unaosemekana kutibu kila kitu. Sasa hivi cheo chake kwenye kampuni ya unga huo kilikuwa Yakuti. Aliyemwingiza alikuwa Almasi, na juu ya Almasi kulikuwa na watu ambao Dada aliwajua kwa picha tu.

Likizo ilikuwa inaisha tarehe mosi. Asiporipoti siku hiyo, nafasi yake inatangazwa kwa wengine, na kwa umri wake hakuna wodi ingemchukua upya. Mdogo mtu aliizungushia wino mwekundu tarehe hiyo kwenye kalenda ya jikoni. Dada akabandika juu yake picha ya gari ambalo kampuni ilimwahidi.

Mdogo mtu mwenyewe kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia, kwenye karakana ndogo nyuma ya kliniki, kati ya nta ya rangi ya waridi na vumbi la plasta lililomkaa nyweleni hata akizifunga kitambaa. Fundi sauti akawa anapitia pale saa ya chakula cha mchana. Alimwita Bi Meno. Yeye alimwita Fundi, na muda si mrefu alikuwa analitamka jina hilo kama wengine wanavyotamka mpenzi.

"Haya ya nani?" Fundi aliuliza siku moja, akiwa ameinua seti nzima kwenye mwanga wa dirisha.

"Ya bibi mmoja. Mjukuu wake anaolewa, anataka acheke bila kuziba mdomo."

"Na mimi utanitengenezea lini?"

"Wewe unayo bado. Siku ukinidanganya ndiyo utayahitaji."

Fundi akacheka, lakini aliyarudisha yale meno mezani haraka kidogo. Bi Meno hakuliona hilo, alikuwa anawasha mashine.

Walizoea kupigiana simu alasiri. Hazikuwa simu za maneno mengi, kwa sababu wote wawili walikuwa watu waliochoka. Akiulizwa kama amekula, alijibu kwamba amechoka hata kula, na Fundi angemwambia, "Basi iache simu hapo mezani, nikusikilize ukiwa umechoka." Angeiacha kweli, akaendelea kusaga meno, na baada ya dakika kumi sauti ingesema, "Leo unasaga kwa hasira, mpenzi. Dada amefanya nini?"

Dada alikuwa hafanyi jipya. Alikuwa anaandika majina ya watu mia anaowafahamu, kama walivyofundishwa, na sasa alikuwa amefika kwa walimu wake wa shule ya msingi. Jioni moja mdogo wake alijipiga moyo konde, akakaa juu ya boksi la makopo, akamwomba arudi kazini. Hakumkejeli. Aliuliza tu kuna nini kule ambacho wodini hakikuwepo.

"Miaka kumi na tisa, mdogo wangu," Dada alisema. "Kwa mikono hii nimewafumba watu macho, na wengine nimewarudisha. Kuna siku mtu alinipigia makofi? Juzi nimemaliza kuongea, ukumbi mzima ukanipigia, nikalia kama mtoto."

Maneno hayo yalimuuma mdogo mtu, maana hata yeye, aliyelelewa na mshahara ule, hakukumbuka kama aliwahi kusema asante kwa sauti.

"Ila kuna mzee fulani anakaa nyuma kule," Dada aliendelea, na sauti yake ikabadilika, ikawa ile ya zamani. "Kila nikimaliza, makofi yakianza, anakohoa. Mara mbili, kikavu, halafu anavuta pumzi kwa tabu. Kifua kile si kizuri. Mwezi wa nne huu namtafuta nimwambie akapimwe, simpati. Ukija Jumamosi nisaidie kumtafuta."

Basi Jumamosi akaenda kumtafuta. Alipita safu kwa safu akitazama wazee. Watu walikuwa hamsini kwa kukadiria, kwenye viti mia tatu, na wengi wao walikuwa vijana wanaochezea simu. Mzee mwenye kifua kibovu hakuwepo. Akazunguka nyuma ya pazia, akaketi karibu na Fundi wake, spika ikiwa ubavuni pake, na kwa mbali akamsikia Dada akimalizia ushuhuda.

Kidole cha Fundi kikabonyeza kitufe. Makofi yakafumuka ukumbini, makofi ya watu mia tano, na katikati yake mtu akakohoa mara mbili, kikavu, akavuta pumzi.

"Rudia," Bi Meno alisema.

"Mpenzi..."

"Nimesema rudia."

Fundi alirudia, taratibu, kwenye kispika kidogo cha mezani. Mzee akakohoa tena, vilevile.

Kisha akaeleza yote bila kujitetea. Ukumbi ulipoanza kupwaya, wenye kampuni walimwambia alete makofi ya kurekodi na kuyachanganya na ya kweli. Alikubali, kwa sababu ndiyo kazi pekee ya uhakika aliyokuwa nayo. Ilikuwa sehemu ya kazi.

"Dada yangu amevikwa kilemba cha ukoka kwa mkono wako," alisema. "Yeye ni sehemu ya kazi. Na mimi je? Ile chai nayo ilikuwa kwenye mkataba?"

Fundi alikuwa mtu wa kupima sauti kabla hajaitoa, na siku ile alipima mno. Alikaa kimya akitafuta neno zuri. Bi Meno akauchukua ule ukimya kuwa ndiyo jibu, akaokota mkoba wake akaondoka.

Nyumbani alimweleza Dada kila kitu. Dada alimsikiliza mpaka mwisho akiwa anabandika stika kwenye makopo, halafu akasema kwa upole kwamba mtu akigombana na mwanaume wake asitake na wenzake wagombane na watu wao. Siku tano simu iliita kwenye meza ya karakana, na siku tano aliitazama ikiita, kisha akaikata. Alisaga meno ya watu watatu na yote ikabidi ayarudie. Siku ya sita aliipokea.

"Hujakata," Fundi alisema.

"Nimechoka kukata. Sema."

"Chai haikuwa kwenye mkataba. Chai ilikuwa yangu."

"Mbona siku ile hukusema?"

"Nilikuwa natafuta namna ya kusema isiyokuumiza. Umeondoka bado sijaipata."

Alifumba macho. Aliamini, na hasira yake haikuondoka kwa kuamini. Alimwambia kwamba Dada amekataa kusikia, na Jumatatu ndiyo tarehe mosi.

"Kesho anapanda jukwaani," Fundi alisema. "Sitabonyeza."

"Watakufukuza."

"Najua."

"Na yeye ataaibika mbele za watu, Fundi. Ndiye mama niliye naye."

"Hilo nalo najua. Ndiyo maana nakuuliza. Ukisema nibonyeze, nitabonyeza."

Mashine ilikuwa imezimwa na karakana nzima ilikuwa kimya. Akaikumbuka ile sare nyuma ya mlango, jinsi ilivyoanza kushika vumbi mabegani. Akasema, "Usibonyeze," na palepale akajichukia.

Kesho yake Dada alivaa suti ya kijani yenye uzi wa dhahabu kolani, na kilemba alichokifunga mara tatu mbele ya kioo mpaka kikamkaa. Alipendeza. Aliongea vizuri pia, hakuna aliyeweza kumnyima hilo. Alieleza jinsi alivyokuwa mtumwa wa zamu na jinsi alivyo huru sasa, na alipofika mwisho akafungua mikono, kama walivyofundishwa.

Hakuna kilichokuja. Kiti kilikwaruza sakafu mahali fulani. Almasi, aliyekaa safu ya mbele, alipiga makofi manne ya haraka huku akiligeukia pazia na kukonyeza kwa hasira. Wachache wakamfuata, kisha wakaona haya wakaacha.

Mdogo mtu alikuwa safu ya tatu. Mikono yake ilinyanyuka yenyewe. Alikuwa amebakiza kidogo tu ipigane, na kupiga kungekuwa rahisi kuliko kitu chochote alichowahi kukifanya. Aliishusha, akaikalia, machozi yakimtiririka bila kuyafuta.

Dada hakuwa tena anamtazama yeye wala mtu mwingine. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, kama alivyokuwa akisimama mlangoni mwa wodi. Alikuwa anasubiri kikohozi. Aliposubiri vya kutosha, alishuka, akapita viti vyote vya wakubwa, akaingia nyuma ya pazia.

Mdogo wake alimkuta huko mbele ya Fundi. Almasi naye alikuwepo, akimwambia Fundi akusanye vyombo vyake na asirudi tena. Fundi alikuwa tayari anakunja waya.

"Yule mzee anayekohoa yuko wapi?" Dada aliuliza, kana kwamba Almasi hayupo.

"Yumo humu, Dada," Fundi alisema, akagusa mashine yake. "Nisamehe."

"Nifungulie nimsikie."

Makofi yalitoka madogo, ya kispika kidogo. Mzee akakohoa mara mbili, akavuta pumzi. Dada alisikiliza amefumba macho.

"Yalirekodiwa lini haya?"

"Sijui. Ni kaseti ya zamani, niliinunua pamoja na vyombo. Miaka mingi."

"Basi huyu alishakufa," Dada alisema, kwa sauti ya kazini. "Na mimi miezi minne namtafuta nimpeleke hospitali." Akamgeukia mdogo wake. "Nawe ulikuwa umekaa pale."

"Nilikuwa nimeikalia mikono, Dada."

"Nilikuona." Akavua koti la suti, akalikunja vizuri, akaliweka kwenye mikono ya Almasi, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Almasi aliondoka na lile koti. Fundi alirudi kwenye waya, na baada ya muda Bi Meno akaushika upande wa pili, wakawa wanaukunja pamoja, wakikaribiana kidogo kidogo.

"Sijakusamehe bado," alimwambia.

"Najua, mpenzi."

"Vuta vizuri. Usije ukaniangusha tena."

Jumapili nzima Dada alifagia, akapika, akala peke yake, na mdogo wake alijikaza akamwacha. Jua lilipokuwa linazama akasikia pasi inawashwa. Kisha akaitwa chumbani kumfungia zipu ya sare mgongoni, ambayo haikufunga. Walikaa kitandani wawili, wakafumua mshono wa ubavuni na kuupanua kwa mkono, kila mmoja na upande wake. Jumatatu asubuhi Dada aliibandua picha ya gari kwenye kalenda, akaenda kazini.

Ilipita miezi mitatu kabla Fundi hajaja nyumbani akiwa amevaa shati lililopigwa pasi. Sasa alikuwa anakodisha spika zake kwenye harusi na misiba, kazi ya leo ipo kesho haipo. Alipewa boksi la makopo akalie, maana makopo hayo hayakupata mnunuzi na yamekuwa viti. Dada alikuwa ametoka zamu, miguu kwenye beseni la maji ya moto, macho mekundu. Alimsikiliza Fundi akijiumauma mpaka akafika kwenye neno lenyewe, kwamba amekuja kumposa mdogo wake.

"Mwenyewe anasemaje?" Dada aliuliza.

Mwenyewe alikuwa kizingitini, kitambaa chenye vumbi la plasta bado kichwani. "Nimechoka kumkasirikia," alisema. "Namtaka."

Dada alifikiri sana, akikisugua kisigino chake ndani ya maji. Mwishowe alimwambia Fundi aje wodini Jumatatu. Hamwozeshi mdogo wake kwa mtu ambaye hajamsikiliza kifua.

Fundi alidhani ni utani, lakini alikwenda. Alipanga foleni na wagonjwa kwenye kibaraza kirefu, Bi Meno pembeni yake akimshika mkono, watu wakikohoa mbele yao na nyuma yao. Zamu yake ilipofika alivua shati. Dada, sare imemkaa sasa, aliweka kipimo masikioni na kumsikiliza mbele, akamsikiliza mgongoni, akamwambia avute pumzi, aiachie, avute tena. Alichukua muda mrefu kuliko aliochukua kwa mtu yeyote asubuhi ile.

"Kifua safi," alisema hatimaye, akiandika. "Moyo ndiyo unakwenda mbio, lakini huo si wa wodi hii. Mchukue."

Kisha akainua kichwa, akatazama mlangoni, akaita anayefuata.